Aliyeiangusha Cadillac Hakutoka Munich

Kuna kesi ambayo wapenda magari wengi wameshaifunga jalada: gari la kifahari ni la Mjerumani. Mjapani amekaribishwa mezani kwa sababu ya Lexus, Mwingereza anavumiliwa kwa heshima ya zamani, lakini Mmarekani abaki na pikapu zake. Aunde gari kubwa la kubebea mbao na kuvutia trela. Akijaribu kupimana ubavu na BMW, Mercedes-Benz au Audi atajiaibisha. Ukiitaja Cadillac katika ubishi wa namna hiyo utapewa tabasamu la huruma, na pengine utaonyeshwa picha ya lile gari refu la mwaka 1959 lenye mapezi nyuma, iwe ushahidi kwamba habari zake ziliishia pale.

Hukumu hii ina takwimu zake, wala sina haja ya kuzificha. Mwaka 2024, ndani ya Marekani kwenyewe, BMW iliuza magari zaidi ya 370,000 na Lexus zaidi ya 340,000. Cadillac iliuza kama 160,000. Nyumbani kwake, mbele ya watu wake, inauza chini ya nusu ya kile anachouza mgeni.

Takwimu nazikubali. Ninachokipinga ni sababu inayotolewa. Tunaambiwa Cadillac imeachwa nyuma kwa kuwa Mmarekani hana mkono wa kazi ya usahihi, hana ubunifu wa hali ya juu, na hana subira. Mawili ya kwanza si kweli. La tatu lina ukweli mwingi, ila lielekezwe kwa wahusika, ambao si wahandisi wala mafundi wa kiwandani bali ni wakubwa wa General Motors (GM), kampuni inayoimiliki Cadillac tangu 1909. Chapa hii imewafikia Wajerumani zaidi ya mara moja, na kuna mahali imewapita. Karibu kila ilipofika hapo, ofisi yake yenyewe ndiyo iliyoikata miguu.

Tuanze na huo mkono unaodaiwa kukosekana. Mwaka 1908 wakala wa Cadillac jijini London, Frederick Bennett, aliipeleka chapa hiyo mbele ya klabu ya magari ya Waingereza, Royal Automobile Club, ipimwe hadharani. Zikachukuliwa Cadillac tatu za silinda moja hadi uwanja wa mbio wa Brooklands, zikafunguliwa mpaka vipande 721 kila moja, na vipande vyote vikachanganywa. Wasimamizi wakachomoa 89 wakavitupa kando, nafasi yake wakaleta vingine vya kawaida kutoka stoo ya wakala. Mafundi wakapewa spana na bisibisi. Tupa hawakuruhusiwa kuishika. Enzi zile gari la Ulaya liliundwa kwa kukwangua kila kipande mpaka kikubaliane na jirani yake, hivyo kifaa cha gari moja hakikuwa na hakika ya kuingia kwenye lingine hata kama yametoka kiwanda kimoja. Zile Cadillac tatu zikasimama tena, madigadi ya hii kwenye ubavu wa ile, zikawashwa, zikakimbia maili 500 uwanjani. Waingereza wakaipa kampuni ya Detroit Tuzo ya Dewar. Miaka michache baadaye wakairudia kuipa tuzo hiyo hiyo, safari hii kwa stata ya umeme ya Charles Kettering, iliyoanza kwenye Cadillac za mwaka 1912 na kumwondolea dereva kazi ya kuzungusha hendeli mbele ya gari huku akiombea isirudi nyuma na kumvunja mkono.

Ule usahihi haukuwa bahati. Mwanzilishi wa Cadillac, Henry Leland, alijifunzia kazi kwenye viwanda vya silaha na vya mashine za kupimia, mahali ambapo kipande kikizidi kwa elfu moja ya inchi kinatupwa. Kwa hiyo anayesema usahihi si jadi ya Wamarekani ajue kwamba walioipigia saluti jadi hiyo mwanzoni kabisa ni watu wa Ulaya.

Najua jibu litakalokuja: hizo ni habari za mababu. Haya, twende karibu. Kiwanda cha BMW kinachotoa magari mengi kuliko vyote duniani hakiko Munich wala mahali popote Ujerumani. Kiko Spartanburg, jimbo la South Carolina, kimekuwa kazini tangu 1994, na X5 zinazosifiwa kwa uimara wa Kijerumani hufungwa boliti na Wamarekani wa Kusini. Mercedes-Benz inaunda magari yake makubwa Alabama tangu 1997. Lexus ES ilianza kuundwa Kentucky mwaka 2015. Mikono ni ile ile. Mzigo huo huo ukibandikwa nembo ya Bavaria unaitwa ustadi, ukibandikwa ngao ya Cadillac unaitwa kubahatisha. Kama tatizo lingekuwa mikono, BMW ingeshafunga virago South Carolina zamani.

Na ubunifu? Mwaka 2002 Cadillac Seville STS iliingia sokoni na shokapu za aina isiyowahi kuonekana kwenye gari la kuuzwa kwa umma. Ndani yake hamna vali za kufunguka na kufunga, mna mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma. Umeme ukipita, sumaku inazipanga chembe zile na mafuta yanakuwa mazito, ukikatika, yanalegea. Yote hutokea ndani ya elfu chache za sekunde, gurudumu likiwa bado limo ndani ya shimo. Gari moja likawa laini barabara ikiwa mbovu na gumu kwenye kona, bila dereva kugusa chochote. Ferrari waliuchukua mfumo huo kwa ajili ya 599 yao ya mwaka 2006. Audi wakauweka kwenye TT na R8. Mtu hachukui teknolojia iliyoanzia kwa kampuni ambayo haijui magari, na sidhani Ferrari waliwahi kushutumiwa kwa kukosa uchaguzi.

Mwaka 2017 ikaja Super Cruise kwenye Cadillac CT6: barabara kuu zilizopimwa kwa leza na kuwekwa kwenye ramani, kamera inayotazama macho ya dereva ihakikishe hajasinzia, na ruhusa ya kuondoa mikono kwenye usukani. Wakati huo Mercedes na BMW bado walimtaka dereva aguse usukani kila baada ya muda mfupi. Shirika la Consumer Reports lilipopambanisha mifumo hiyo mwaka 2018, liliiweka ya Cadillac juu ya ile ya Tesla.

Basi anguko lilitoka wapi? Lilianza na mafanikio. Mwaka 1978 Cadillac iliuza magari zaidi ya 350,000, na ukifika hapo wahasibu huanza kuamini kwamba nembo inajiuza yenyewe. Mwaka 1981 ilileta injini ya V8 inayozima silinda mbili au nne safarini ili kuokoa mafuta. Wazo lilikuwa sahihi. Leo kampuni nyingi kubwa hutumia mbinu hiyo. Kompyuta ya wakati ule ndiyo iliyokuwa nzito kufikiri, gari likawa linashtuka barabarani, na wenye magari wakaenda gereji kukatiwa waya unaoendesha mfumo. Palihitajika miaka mitano ya kukaa na tatizo. Cadillac iliupa mfumo huo mwaka mmoja kwenye magari yake ya kawaida, ikautupa, na badala yake ikaweka injini mpya ya HT4100 iliyokuwa na nguvu haba na sifa mbaya zaidi.

Mwaka huo huo likatoka Cimarron. Hili wapinzani wangu hupenda kulitaja, nami nalitaja kabla yao. Lilikuwa Chevrolet Cavalier lililopambwa viti vya ngozi na kupewa nembo ya Cadillac, silinda nne, nguvu farasi 88, bei karibu dola 12,000. Lilitakiwa kupambana na BMW 3 Series. Halikuwa na uwezo huo hata kwa ndoto, na liliuzwa mpaka 1988. Sasa niambieni, hapo nani alishindwa? Wahandisi wa Cadillac hawakukaa wakaunda gari wakashindwa na Munich. Hawakupewa gari la kuunda. Walikabidhiwa la jirani na kuambiwa walipake rangi. Pambano halikuwepo, halafu tunahesabu matokeo yake kama ushahidi.

Allanté ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu lilionyesha kwamba fedha zilikuwepo. Hili lilikuwa gari la wazi la watu wawili, lililotoka 1986 kuikabili Mercedes SL. Bodi zilichorwa na kuundwa na Pininfarina karibu na Turin, kisha zikapandishwa ndege, 56 kwa safari moja, ndani ya Boeing 747 zilizorekebishwa maalumu, zikarushwa hadi Detroit kufungiwa injini. Kampuni ililipia anga nzima ya Atlantiki lakini ikaweka chini ya boneti injini ya nguvu farasi 170 inayozungusha magurudumu ya mbele, wakati Mercedes ilikuwa ikisukuma kwa nyuma kama inavyostahili. Paa likavuja. Malalamiko yakasikilizwa taratibu, gari likawa linaboreka mwaka hadi mwaka, hadi toleo la 1993 likapata injini mpya ya Northstar yenye nguvu farasi zaidi ya 290. Hatimaye Allanté likawa gari. Mwaka huo huo likafutwa.

Huu ndio mchezo ninaoulalamikia, na ukishauona mara moja utauona kila mahali katika historia ya chapa hii. GM ni mkulima anayepanda mnazi, akaumwagilia miaka saba akinung'unikia gharama ya maji, halafu akaukata wiki ambayo umetoa maua.

Angalia kilichofuata. Mwaka 1996 Cadillac ilichukua Opel Omega, gari la kampuni tanzu ya GM nchini Ujerumani, ikaliita Catera na kulileta Marekani likiwa limeundwa Rüsselsheim. Kwa hiyo, kwa wanaoamini kwamba ardhi ya Ujerumani pekee inatosha: jaribio lilifanyika, likafeli. (Matangazo yake yalitumia bata wa katuni. Gari la zaidi ya dola 30,000 likauzwa na bata wa katuni.) Baada ya hapo kampuni ikazinduka. CTS ya mwaka 2002 ilipata jukwaa lake yenyewe, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na umbo la pembe kali lisilomwiga mtu. Haikuwa kamili; dashibodi yake ilikuwa ya plastiki ya kusikitisha, na anayeitetea anajikosesha imani bure. Lakini toleo la pili lilirekebisha hilo, na mwaka 2008 toleo lake la mbio, CTS-V ya nguvu farasi 556, liliizunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 59.32. Hakuna sedani ya kuuzwa dukani iliyokuwa imefanya hivyo kwa kasi zaidi kwenye barabara ile ya kilomita 20 na ushee ambako Wajerumani hupimia magari yao. Dereva alikuwa John Heinricy, mhandisi wa GM, na gia zilikuwa za kujibadilisha zenyewe.

Mwaka uliofuata GM ikafilisika, ikaokolewa na serikali, na bado wahandisi wale hawakuacha. ATS iliyotoka 2012 iliundwa macho yakiwa kwenye BMW 3 Series, na safari hii lilikuwa pambano la kweli. Ilikuwa nyepesi, ina usukani wenye hisia, na waandishi wengi wa magari walikiri kwamba kwenye kona ilikuwa inampa dereva raha kuliko 3 Series ya wakati huo, ambayo BMW walikuwa wameanza kuilegeza. Januari 2013 ikatangazwa gari bora la mwaka Amerika Kaskazini. Ilikuwa na kasoro mbili ambazo kila mtu alizitaja: kiti cha nyuma kilibana magoti, na skrini yake ya kugusa ilichelewa kujibu kiasi cha kumfanya mtu aipige kidole mara tatu. Ni kasoro za kurekebishika. BMW 3 Series ya kwanza, ya mwaka 1975, nayo ilibana magoti. Tofauti ni kwamba BMW wakaunda ya pili, ya tatu, ya nne, hadi ya saba, jina lile lile. ATS haikupata ya pili. Kufikia 2019 ilikuwa imeondoka.

Mtu aliyenunua Cadillac ndogo mwaka 2013 akaipenda, akarudi dukani baada ya miaka saba, angetafuta ATS asiione. Angeambiwa sasa kuna CT4. Jirani yake mwenye CTS angeelekezwa kwenye CT5. Mwenye Seville angekuwa ameshapita STS, na mwenye DeVille ameshapita DTS na XTS, nayo CT6 ingekuwa inafungiwa mlango. Mwenye BMW 5 Series anarudi kununua 5 Series, basi. Mimi siamini kwamba wanunuzi wa Marekani walikataa gari zuri. Ninaamini walichoka kutambulishwa upya kwa mtu waliyedhani wanamfahamu.

Mwaka 2014 GM ilimleta Johan de Nysschen, aliyewahi kuiongoza Audi ya Marekani, aisimamie Cadillac. Alisema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji muda mrefu. Makao makuu ya chapa yakahamishiwa New York. Aprili 2018 akaondolewa, na kabla mwaka haujaisha ikatangazwa kwamba ofisi inarudishwa Michigan. Uhamisho ule wa New York naona ulikuwa pozi tu, lakini miaka minne si muda wa kujenga chapa ya kifahari. Haitoshi hata kuunda gari moja kutoka karatasini hadi barabarani na kuona limepokelewaje. Wakati huo huo wahandisi walikuwa wamekamilisha injini ya V8 ya lita 4.2 yenye turbo mbili, iliyoitwa Blackwing, nguvu farasi 550, ikiundwa kwa mikono Kentucky kwa ajili ya CT6. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Cadillac kupata injini isiyoazimwa na dada zake. CT6 ikasimamishwa Marekani mwanzoni mwa 2020, na injini ile ikaenda nayo baada ya kuuzwa kwa muda usiozidi miaka miwili. Allanté tena, kipande kwa kipande.

Wapo watakaosema: hata Mmarekani angepewa muda, asingefua dafu, kwani heshima ya Mjerumani imejengwa karne nzima. Hoja hii huvunjwa na Lexus peke yake. Mwaka 1983 Eiji Toyoda aliuliza wakubwa wa Toyota kama wanaweza kuunda gari la kushindana na bora duniani. Miaka sita baadaye, 1989, LS 400 ikaingia Marekani ikiwa na jina ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulisikia. Desemba hiyo hiyo kasoro zikajitokeza na magari kama 8,000 yakahitaji kurekebishwa. Mawakala waliyafuata magari majumbani, wakayatengeneza, wakayaosha, wakayajaza mafuta na kuyarudisha. Lexus ilikuwa na umri wa miezi tu, haikuwa na karne ya kuegemea. Ilikuwa na mwenye mali aliyeamua kutoondoka.

Na Audi, ambayo leo hakuna anayethubutu kuiweka nje ya orodha? Mwaka 1985 iliuza Marekani magari 74,000. Mwaka 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikaituhumu kwamba Audi 5000 huruka yenyewe na kuua watu. Wakaguzi wa serikali walipotoa ripoti 1989 walisema madereva walikuwa wakikanyaga ekseleta wakidhani ni breki, lakini nani alikuwa bado anasikiliza? Kufikia 1991 mauzo yalikuwa kama 12,000. Jina la 5000 walilizika, hilo nakiri, na lilistahili kuzikwa. Lakini quattro, mfumo wao wa kusukuma magurudumu yote manne, hawakuiacha, wala hawakutumwa kuuza Volkswagen iliyobandikwa pete nne. Walikaa kwenye baridi karibu muongo mzima mpaka A4 ilipowatoa. Kwa mantiki ya Detroit, Audi ingekuwa imefungwa 1990 na sisi tungekuwa tunaandika kwamba Wajerumani wanaweza wawili tu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana sababu ya ziada ya kuiamini hukumu ninayoipinga: hii Cadillac yenyewe haioni barabarani. Kwetu gari la mkubwa limekuwa Benz tangu enzi za uhuru, hadi wakubwa wenyewe wakaitwa wabenzi, na siku hizi mwenye nazo anashuka kwenye Lexus au Range Rover. Lakini chanzo cha hilo ni usukani. Sisi tunaendesha kushoto, na magari yetu mengi yanatoka kwenye yadi za Japani yakiwa yameshatumika. Mjerumani na Mjapani huunda usukani wa kulia kila mwaka. Cadillac imeunda kidogo sana, na kwa vipindi tu. GM ilikuwa na kiwanda Nairobi tangu miaka ya 1970, kikiunganisha malori ya Isuzu. Mwaka 2017 iliuza hisa zake kwa Isuzu na kuondoka. Mwaka ule ule ikauza Opel na Vauxhall, ikaacha kuuza magari Afrika Kusini na India. Unaweza kusema ni mahesabu mazuri, na wenye hisa walishangilia. Ila kampuni inayojiondoa kwenye nchi moja baada ya nyingine isije ikahesabiwa kuwa imefukuzwa na ubora wa BMW. Uchina, ambako iliamua kukaa na kufungua kiwanda Shanghai mwaka 2016, watu walinunua Cadillac nyingi kuliko Wamarekani kwa miaka kadhaa mfululizo, kabla soko hilo halijageuka na kuwaumiza wageni wote, Wajerumani wakiwemo.

Kuna kundi jingine linalonipa shida, nalo liko upande wangu. Hawa ni marafiki wa Cadillac wanaosema inaweza kushinda, mradi iwe BMW. Ushauri huo ndio uliozaa nusu ya majina yale ya herufi na namba, maana mtu aliona Mjerumani anatumia herufi na namba akadhani siri iko hapo. Ukitaka kuona Cadillac ikishinda, tazama pale ilipoacha kuwaiga Wajerumani. Escalade ilizaliwa 1998 kwa haraka ya aibu, baada ya Lincoln Navigator kuwashtua. Ya kwanza ilikuwa GMC Yukon iliyobadilishiwa nembo, Cimarron nyingine kasoro ukubwa. Tofauti pekee ni kwamba hii hawakuifuta. Ikapata toleo la pili, la tatu, la nne, la tano, kila moja likiwa bora kuliko lililotangulia, jina halikuguswa. Leo inauzwa kwa urahisi zaidi ya dola 100,000, na kuanzia Los Angeles hadi Dubai na Riyadh anayeingia hotelini nayo hahitaji kujieleza. BMW ndio waliokuja nyuma yake na X7, mwaka 2018, na wanaiunda Spartanburg.

Au chukua CT5-V Blackwing, iliyorithi jina la ile injini iliyouawa. V8 ya lita 6.2 yenye kisukuma hewa, nguvu farasi 668, inafungwa kwa mikono na kubandikwa kibao chenye jina la fundi aliyeifunga. Kati ya viti viwili vya mbele kuna fimbo ya gia sita, na chini kushoto kuna pedali ya klachi. Katika sedani ya nguvu hizi Mjerumani hakupi tena pedali hiyo kwa bei yoyote. BMW M5 ya sasa inachanganya petroli na betri na ina uzito wa kilo 2,400 na zaidi. Cadillac hii iko chini yake kwa zaidi ya kilo 500. Anayetaka kuhisi barabara kwa mikono na miguu yake, leo hii, anapelekwa Lansing, Michigan. Kwa nguvu hizi, Munich hawana cha kumpa.

Kuhusu Mmarekani kwa jumla sitatumia maneno mengi. Tesla Model S ilitoka 2012 na ndani ya muda mfupi ikawa inaipita Mercedes S-Class kwa mauzo nchini Marekani. Porsche walipoileta Taycan mwaka 2019 kila gazeti liliipima dhidi ya gari hilo la California. Lucid Air, nayo ya California, ilipimwa na serikali ya Marekani ikapewa umbali wa maili 520 kwa chaji moja, jambo ambalo Wajerumani hawakuwa wamelikaribia. Kampuni hizo zina matatizo yake, mengine makubwa, na mianya kati ya milango ya Tesla za mwanzo ilikuwa kichekesho. Lakini anayesema Mmarekani hawezi kuunda gari la kifahari la kumtisha Mjerumani amechelewa zaidi ya miaka kumi.

Siku hizi Cadillac inazungumziwa kwa mambo makubwa. Mwaka 2025 iliruhusiwa kuwa timu ya 11 ya Formula 1 kuanzia msimu wa 2026, ikianza na injini za Ferrari. Kuna Celestiq, gari la umeme la kuagiza, linaloundwa kwa mikono huko Warren kwa zaidi ya dola 300,000. Mambo hayo yananikumbusha zile 747 zilizosheheni bodi. GM haijawahi kuwa bahili wa maonyesho. Ubahili wake huja mwaka wa sita, gari likihitaji fedha za kurekebishiwa viti na skrini, na mkurugenzi wa fedha akauliza kama isingekuwa nafuu kuanza na kitu kipya.

Kwa hiyo mimi macho yangu yako kwenye Lyriq, gari la umeme linalotoka kiwanda cha Spring Hill, Tennessee, tangu 2022. Mwaka 2024 liliuzwa vizuri, watu waliolinunua wengi walitoka chapa nyingine, na lina kasoro za kawaida za gari la kwanza la aina yake. Kwa kalenda ambayo BMW na Lexus wanaifuata, toleo la pili linapaswa kufika mwishoni mwa muongo huu. Faili lake litapelekwa mezani kwa wakubwa wa GM likiomba fedha, na bila shaka kutakuwa na mtu pale mwenye wazo la jina jipya. Wakilipitisha likiwa Lyriq, Munich wana kazi. Wakilifuta, basi tutajua ni nani amelifuta, na wale wanaosema Mmarekani hawezi waweke akiba ya maneno.